Meno Yetu Ugenini

Mjukuu wangu Nekesa,

Uniwie radhi kwa kukaa miezi minne bila kukujibu. Nyanya yako amepona mguu, naye anakusalimu.

Unauliza kama uende Malawi kwa mafunzo ya kazi ya afya ya umma, ilhali baba yako anataka ubaki usomee upasuaji.

Nilipokuwa mwanafunzi wa udaktari wa meno, nilipelekwa Tanzania kwa mafunzo ya miezi mitatu, katika kijiji kilicho chini ya Mlima Meru. Asubuhi ya kwanza watoto walinizunguka, kila mmoja ameziba mdomo kwa kiganja. Mmoja akacheka, mkono ukamtoka mdomoni. Meno yake yalikuwa ya kahawia, yenye mabaka, kama yangu. Wengine nao wakacheka. Niliona meno ya mama yangu na ya kaka zangu katika vinywa vya watu nisiowajua.

Bibi mmoja mzee akanikazia macho. "Wewe ni mjukuu wa nani hapa?"

"Mimi si wa hapa, nyanya. Natoka Nakuru."

"Usinidanganye. Hayo ni meno yetu."

Kwetu Elmenteita, karibu na Nakuru, tuliambiwa kuwa meno haya ni laana ya ukoo. Pale, mbali na ukoo wangu, nilimuuliza bibi yule swali ambalo sikuwahi kuuliza: mnakunywa maji gani? Akanionyesha kisima. Maji yake yalikuwa maangavu kabisa. Msimamizi wangu wa mafunzo akanieleza kwamba yana madini yanayoharibu meno ya watoto. Siku hiyo niliacha kuwazia udaktari wa meno, nikageukia afya ya umma.

Baba yako hajui kwa nini utotoni mwake nilimnywesha maji ya mvua tu, yasiyo na madini hayo. Nitamweleza Jumapili. Akishaamua kuhusu safari yako ya Malawi, nitakuandikia.

Babu yako