Nahodha Mwanaidi Amerudi

Xiaobei, Guangzhou
Jumamosi, 13 Septemba 2025

Mwanangu Fathiya,

Assalaamu alaykum. U hali gani, na ule mguu uliokuwa ukikuuma wakati wa Idi umepoa? Mumeo naye hajambo? Mimi mzima, kifua tu kinabana asubuhi kwa ajili ya mashine ya baridi ya chumbani, sijui inazimwa wapi. Nakuandikia kwa kalamu kama ulivyotaka. Ulisema kwenye simu nalia na wewe hupati la kusema, haya, karatasi hailii. Dullah anaondoka kesho na jinzi zake za Xintang, atakuletea mkononi. Usinicheke mwandiko, darasa la nne ndiyo lilikuwa mwisho wangu, unajua.

Sasa kuna jambo limenitatiza tangu jana. Nilikuwa nimetoka soko la nguo la Shisanhang na wateja wawili wa Unguja, miguu imevimba, nikaingia ule mkahawa wa ghorofa ya tatu nipate chai. Nikakuta watu wamejazana mbele ya televisheni kama kuna mpira. Kutazama, namuona Nahodha Mwanaidi. Yule yule wa Chombo Tisa, mchezo wa watu wa angani aliokuwa baba yako, Mungu amrehemu, akiutafsiri kwa maikrofoni kwenye banda letu la video na kuwapa watu wake majina ya kwetu. Ana mvi kichwa kizima. Nilikaa chini bila kuambiwa. Mimi nilijua ule mchezo ulikwisha zamani. Muzdalifa, yule msichana wa ofisi ya kontena, akaniambia umerudi baada ya miaka kumi na miwili, kila Ijumaa kipindi kipya.

Lakini sikuelewa kitu. Sauti ya Kizungu, maandishi ya Kichina chini, na baba yako hayupo wa kutwambia. Nimezoea yeye aseme, "Huyu wa vichwa viwili mnayemuona ndiye sheha, kila kichwa kinataka chake." Hapa yule wa vichwa viwili kasema maneno chungu nzima na hakuna aliyecheka.

Basi Mwanaidi kashuka na chombo chake, kaenda mpaka kwenye nyumba, kagonga mlango mara tatu, ngo ngo ngo, kama askari. Hata hodi hakupiga. Ndani kasimama Mize, mwanawe, mtu mzima sasa. Anamuona mamaake vizuri na hafungui. Kwa nini hafungui? Mama kafuata dawa ya mwanawe nyota ya mbali, karudi nayo, anaachwa nje? Wewe mwenyewe ulinihadithia kwenye simu, una miaka tisa, mimi huku nina miezi miwili tu. "Mama, Mwanaidi kaenda kufuata dawa ya Mize." Nikakuuliza, ataipata? Ukasema, baba anasema inshallah.

Kimani, yule Mkenya, akasema, "Huyo mathe akae huko nje. Alidhani mtoi atamngoja tu?"

Nicolas wa Lubumbashi, anayenunua viatu, akamwambia, "Wewe, maman ni maman. Unamfungulia kwanza, kisha ndiyo unamgombeza."

Wakabishana mpaka wali ukapoa. Nikawauliza, na dawa iko wapi? Wakanitazama wote wawili. "Dawa gani, mama?"

Basi niandikie wewe unayejua. Nahodha kakosa nini? Nimekutilia madera mawili, la kijani ndilo zuri zaidi.

Ni mimi mama yako,
Sihaba


Jang'ombe, Unguja
Jumapili, 28 Septemba 2025

Mama,

Waalaykumu salaam. Sisi wazima, mguu umepoa. Kifua chako kitazamwe na daktari, usijitibu kwa tangawizi tu.

Madera nimeyapata, ahsante, lakini yananibana na sababu ipo. Nina mimba, inakaribia miezi saba. Sikukwambia kwa simu. Kujifungua ni katikati ya Disemba, inshallah. Shangazi amekubali kukaa na mimi arubaini yote, maji ya moto, kukandwa, uji, kila kitu. Nakwambia ili ujue tu.

Kuhusu Chombo Tisa. Hapa pia watu wamevurugika. Mimi ndiye msimamizi wa kundi letu la simu la wapenzi wa mchezo huu, tuko elfu mbili, na kila Ijumaa ni ugomvi. Waliotazama zamani bandani kwa baba wanauliza kama wewe, dawa iko wapi. Waliotazama kwa Kiingereza wanawacheka. Nikaona nimalize ubishi, nikavirudia vipindi vya kwanza, kwa hiki Kiingereza changu cha chuo.

Hakuna dawa, mama. Mize hakuumwa hata siku moja. Kile kikohozi chake tulichokuwa tukikililia alikuwa baba. Alikuwa anakohoa kwenye maikrofoni. Mtoto kwenye kioo kafumba mdomo, anakula zake, na baba anakohoa, na banda zima linasema maskini.

Siku ya kuondoka, nahodha anamwambia mumewe, "Nikibaki hapa nitakauka." Basi, hakuna jengine. Hapo hapo baba alitafsiri, "Nakwenda kumtafutia mtoto dawa, nitarudi kabla hajavaa sare ya darasa la nne." Maneno haya nayajua kwa moyo.

Miaka kumi na saba nimemtetea mwanamke huyu.

Mwanao,
Fathiya


Xiaobei, Guangzhou
Jumamosi, 18 Oktoba 2025

Fathiya mwanangu, kipenzi,

Salamu zangu nyingi, na za aliye tumboni pia, mpe. Hali yako vipi? Unapata usingizi? Ndoo usinyanyue. Juu ya kiti usipande kutundika mapazia, nakujua wewe. Barua yako niliisoma kwenye treni ya chini nikapitiliza vituo vitatu, nikashuka mahali sipajui, mvua inanyesha, nikacheka peke yangu na Mchina mmoja mzee akacheka na mimi, wala hajui cha nini.

Shangazi yako Mungu amuweke, lakini mkono wake mzito. Yeye ndiye aliyenikanda nilipokuzaa wewe, nusura anikate kiuno. Nije mimi, Fathiya. Arubaini ya binti hukaa mamaake. Niambie nije.

Nilitaka niishie hapa, lakini la pili sina pa kuliweka. Muzdalifa naye yumo kwenye kundi lenu. Jumatatu alikuwa ananisomea maneno ya watu, anasoma anacheka, mara akaigeuza simu kifuani. Nikamwambia soma. Akasema, "Fathiya wako kaandika neno moja tu, Asifunguliwe." Na watu mia nne wameliwekea moyo mwekundu. Nikamuuliza, anamsema nani? Akasema, "Mwanaidi, bi mkubwa, anamsema Mwanaidi." Huku anafunga maboksi ambayo yalikuwa yameshafungwa.

Nilipofika chumbani sikujua nicheke au nifanye nini. Mtu wa kwenye televisheni, nami nimenuna kama kanikosea jirani.

Tena akanieleza jambo jengine ambalo sijalielewa mpaka sasa. Ati kule juu chomboni ilipita miaka miwili tu, na nyumbani ikapita kumi na saba. Nikasema hesabu gani hiyo. Lakini nimeifikiria. Huku kila mwaka nilisema Ramadhani hii narudi, na kwangu mimi ilikuwa kama nimeisema mara mbili tatu tu.

Dawa kweli hakuna? Hebu tazama tena, pengine iko kipindi cha mbele.

Mama yako mwenye wasiwasi,
Sihaba


Jang'ombe, Unguja
Jumapili, 2 Novemba 2025

Mama,

Natumai kifua kimepoa. Mimi sijambo, mtoto anacheza, daktari hana neno.

Umeuliza namsema nani. Nilidhani namsema Mwanaidi. Mume wangu kaisoma barua yako naye akaniuliza hivyo hivyo, nikamjibu vibaya, kisha nikakaa jikoni muda mrefu.

Usije kwanza, na nguo usilete. Nijibu swali moja, sitauliza tena. Ulifuata nini?

Ulisema miezi mitatu. Baba alipofariki mwaka 2020 ndege zilikuwa zimefungwa dunia nzima, hilo najua na silihesabu. Nasema kabla ya hapo. Miaka kumi na miwili ndege zilikuwa zinaruka, mama. Ulikuja mara mbili, wiki mbili kila mara, na sanduku lako hukulifungua lote.

Usiniandikie kwamba ni kwa ajili yangu. Hiyo nimeshaisikia bandani, na kikohozi chake.

Mwanao,
Fathiya


Xiaobei, Guangzhou
Jumamosi, 15 Novemba 2025

Mwanangu Fathiya,

Nakusalimu kwa salamu njema. Hii ni karatasi ya tatu, mbili nimezichana. Kifua kimepoa. Hapa pameanza ubaridi. Nayaandika haya ya kifua na ubaridi kwa sababu naogopa kufika huko chini.

Sikufuata dawa.

Nilipokuja nilikuja kwa miezi mitatu kweli, sikukudanganya. Nifungashe nguo, nirudi, tufungue duka. Asubuhi ya kwanza nikapelekwa Shisanhang, hata hapajapambazuka vizuri, watu wanasukumana na mafurushi, mimi nimeshika pochi kwa mikono miwili. Mwanamke mmoja muuzaji akaniita laobanniang. Ndivyo wanavyomwita mwanamke mwenye biashara yake, mama bosi. Akanivutia kigoda nikae. Nikashika kitambaa, nikakisugua kwa vidole, nikatikisa kichwa, na yule mwanamke akaenda ndani kuniletea chengine. Fathiya, mimi nyumbani nilikuwa Bi Kachori wa nyuma ya banda. Hakuna mtu aliyewahi kuniletea chengine.

Nilipenda. Ndiyo jibu. Miezi mitatu ikaisha nikataka mingine. Baba yako angenikataza labda ningerudi, hakunikataza. Nilikukosa kila siku na nilipenda kila siku, na vipi vyote viwili vikakaa kifua kimoja mpaka leo sijui. Sanduku nilikuwa silifungui lote kwa sababu nikilifungua nitabaki, na nilikuwa nataka kubaki, na nilikuwa nataka kurudi huku. Nikiyasoma haya naona hayana kichwa wala miguu. Lakini ni ya kweli.

Sasa lile la baba yako. Siku ya kuondoka, pale uwanja wa ndege, aliniuliza, "Mtoto nimwambie nini?" Nami nina haraka, nikamwambia, mwambie utakalo, ndege itaniacha. Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake kabla ya kupanda. Niliyasahau kabisa mpaka uliponiandikia ile sare ya darasa la nne. Mize wa angani ana sare ya wapi? Wewe ndiye uliyekuwa darasa la tatu. Nimeirudia ile barua yako wiki nzima. Mwanaidi hakutafsiriwa siku ile, nilitafsiriwa mimi, mbele ya banda zima, na wewe umekaa mkeka wa mbele. Sijui alifanya kwa kukupenda wewe, au kwa kunisitiri mimi, au alikuwa akijipoza mwenyewe. Hayupo wa kuulizwa.

Nimekata tiketi. Nafika Jumapili tarehe saba Disemba. Najua ulisema nisije. Nitafikia Michenzani kwa dadaake Muzdalifa, sitakulazimisha. Lakini nitapita kwako. Sitagonga kama yule. Nitapiga hodi mara tatu, na nikikosa jibu nitaondoka zangu taratibu, ndiyo adabu tuliyofunzwa, wala sitakununia.

Ni mimi mama yako,
Sihaba


Jang'ombe, Unguja
Jumapili, 30 Novemba 2025

Mama,

Assalaamu alaykum. Dullah anasafiri kesho, nadhani hii itakuwahi kabla hujafunga mizigo. Mimi mzito, miguu imevimba kama yako ya Shisanhang. Mengine salama.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Hasira ninazo bado, usije ukadhani zimekwisha. Nyengine ni za baba, na yeye nilikuwa sijawahi kumkasirikia, naona ugeni. Tutagombana ukija, ujiweke tayari. Nimemwambia shangazi kwamba arubaini ina mwenyewe. Kanuna kidogo, kisha akauliza kama unakumbuka kuchemsha majani ya kukandia.

Chombo Tisa kimekwisha juzi Ijumaa. Kundi zima linatukana. Kipindi chote cha mwisho nahodha yuko njiani anarudi kwenye ule mlango, anafika, anagonga mara tatu, kioo kinakuwa cheusi, majina ya watu yanapita. Hawakuonyesha kama alifunguliwa. Watu wamengoja wiki kumi na mbili, unaweza kujua wanavyosema.

Wale wa zamani wa bandani wakanijia. Wakasema wewe ni mtoto wa Vuai, tutafsirie. Banda siku hizi ni pa kutengenezea simu, lakini mwenyewe kasogeza meza, tukaweka mikeka jana baada ya alasiri. Maikrofoni ya baba ninayo, ina karatasi ya gundi shingoni mpaka leo. Nikakaa na tumbo langu, nikawaambia kwanza nitawaonyesha kipindi cha zamani, cha kuondoka, na nitasema yaliyomo, sitatia kitu. Mzee mmoja akapiga kelele, "Kohoa, mwanangu, kohoa kidogo." Nikakataa.

Nikasema kama anavyosema yeye, "Nikibaki hapa nitakauka." Watu wakaguna. Kisha mwanamke mmoja nyuma kabisa akasema, "Hata mie." Banda likacheka, mama, na mimi nikacheka, mpaka nikakosa sentensi mbili.

Tukafika kipindi cha mwisho. Nahodha anagonga. Nikaona ngo ngo ngo haitawaambia kitu watu hawa, nikasema hodi. Akagonga tena, hodi. Ya tatu, hodi, na kioo kikawa cheusi.

Hakuna aliyejua kama kimekwisha. Wamekaa wanautazama ule weusi, kisha mmoja mmoja wakageuka kunitazama mimi, kwa sababu maikrofoni ninayo.

Nikasema, "Karibu."

Haimo kwenye mchezo, mama. Nimeitia mimi.

Mwanao,
Fathiya