Mkono wa Mama Juu ya Spika

Waa, Kwale
14 Machi 1998

Kaka yangu Mwero,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta huko Maskati ukiwa na siha njema, wewe na wifi yangu Zuwena, na kwamba joto la huko limewapungukia kidogo. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Mama anakula vizuri, shamba anakwenda, na bado anagombana na mbuzi wa jirani wanaoingia kwenye mihogo.

Ile stereo uliyotutumia imefika salama. Sauti yake ni safi, ila vile vispika vyake viwili havina besi hata chembe. Nikaikumbuka spika ya marehemu baba, lile kabati zima alilonunua hoteli moja ya Diani ilipouza vyombo vyake vya disko. Unanijua, nikiona waya mkono huniwasha.

Nyuma ya stereo kuna kitundu kimoja cha besi. Spika ya baba haina plagi, ina nyaya mbili tupu, mmoja mwekundu na mmoja mweusi. Nikazisokota nikazichomeka humo. Kimya. Nikazihamisha, nikazifunga pamoja na za vile vispika vidogo. Stereo ikanguruma mara moja, ikatoa harufu ya kuungua, ikazima. Nilikaa chini nikalia, kaka, kwa kuwa najua ulivyojinyima kuinunua.

Nikaipeleka Ukunda kwa Elphas, fundi wa umeme wa hoteli, mtu wa bara lakini mpole sana. Aliifungua, akacheka, akasema nimshukuru Mungu kilichokufa ni fyuzi tu. Akanieleza kuwa kile kitundu hutoa sauti bila nguvu. Spika za besi za siku hizi huja na nguvu zake ndani, lakini hii ya baba ni ya zamani, inataka kusukumwa, na dawa yake ni kuweka amplifaya katikati. Alikuwa nayo moja kuukuu aliyoifufua mwenyewe. Jumamosi akaja nayo Waa, akaunga kutoka kitunduni hadi kwenye amplifaya, na kutoka hapo hadi kwenye spika.

Kaseti iliyokuwa karibu ilikuwa ile yako ya salamu ya mwezi wa Juni. Tukaitia. Mama alikuwa ameketi kando, ameegemeza mkono juu ya spika. Mara akashtuka, lakini mkono hakuuondoa. Akaniambia, "Huyu ni Mwero. Anasemaje?"

Kaka, tangu mwaka juzi Mama hasikii; siku hiyo sauti yako aliihisi kwa kiganja. Alinikataza kukwambia, akihofia utaacha kazi urudi. Kaseti zako alikuwa akizikalia huku anatabasamu, na majibu mengi niliyokuandikia niliyatunga mimi.

Katika kaseti hiyo ya Juni ulimwomba radhi ya kuoa. Nilimpigia kelele sikioni, naye akaniitikia, "Haya, mwanangu," kama anavyoitikia kila kitu. Nilijua hajasikia. Hata hivyo nikakuandikia kwamba ameridhia, kwa kuwa ulikuwa na haraka, nami nilikuwa nimechoka kupayuka. Picha ya harusi ulipoituma niliificha chini ya godoro. Nimekukosea wewe, nimemkosea wifi, na Mama nimemkosea zaidi.

Basi siku hiyo niliitoa picha nikampa. Elphas alitoka nje kwa adabu. Nilimweleza Mama kwa ishara na kwa kelele mpaka akafahamu kila kitu, hata uwongo wangu. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniumiza. Aliitazama picha muda mrefu, akasema msichana ni mzuri. Kisha akaniamuru nikuandikie, na haya ni maneno yake mwenyewe, sikuongeza wala kupunguza:

"Radhi sijaitoa wala sijaikataa, kwa sababu sikuombwa. Mwambie aje aniombe hapa, mbele yangu, nimwone mdomo."

Ukikasirika, nikasirikie mimi, yeye hana kosa. Lakini njoo, kaka, na umlete wifi.

Jirani zetu wote wanakusalimu. Mwombe Mungu mdogo wako asamehewe.

Wassalaam,
Ni mimi niliyemjibia Mama bila kutumwa,
Hanifa