Bahasha ya Waliokataa

Changamwe, Ijumaa, 15 Machi 1940

Joto la leo halina hata upepo wa kulisukuma. Shati limenigandama mgongoni tangu asubuhi. Nina hasira. Nimelelewa nisiwe nayo, kwa hiyo sijui pa kuiweka.

Nianze na kazi yangu. Mimi ni karani wa zahanati katika kambi ya Wahabeshi waliowakimbia Wataliana. Mwezi uliopita waliletwa huku kwa gari la moshi, wakapewa mabanda mapya ya mabati, wakaambiwa hapa ndipo kwao sasa. Ni watu wa milimani. Mbu wetu hawakuwasubiri hata wafungue mizigo.

Kila siku saa mbili asubuhi dresa wetu, mgawa dawa Bwana Nehemia, hupita kitanda kwa kitanda na kidonge cha kwinini na kikombe cha maziwa. Mimi humfuata na daftari. Daftari lina safu mbili tu: Amemeza, Amekataa. Kidonge kilichokataliwa nakifunga kwenye kikaratasi chenye jina la mgonjwa na siku, nakitia katika bahasha, na kila Jumamosi Bwana Msimamizi huilinganisha bahasha na daftari. Anayekataa mara tatu hupoteza kitanda na dawa, akarudishwa banda kubwa. Ikifika saa nne Bwana Nehemia hufunga kabati, akavuka kwenda kisiwani na ufunguo mfukoni.

Yuko mama mmoja aitwaye Tsehai, mwenye msalaba uliochanjwa kwenye kipaji cha uso. Homa imemkausha hata macho yamezama. Juzi, Jumatano, asubuhi yake ya kwanza kitandani, alikifunika kikombe kwa kiganja. Kidonge akakirudisha mkononi mwa dresa taratibu, kama anayerudisha amana. Kisha akanyoosha kidole dirishani, juu angani, upande wa jiko la kambi.

"Huyu ataka kuruka arudi kwao," Bwana Nehemia akasema. "Andika, karani."

Nikaandika. Nikacheka pia. Naliweka hilo hapa kwa kuwa hakuna daftari jingine litakaloliweka.

Hatukuwa na mtu wa kutufasiria. Mkalimani alijiandikisha jeshini wiki mbili zilizopita na hakuletwa mwingine. Jana yule mama alifanya vilevile: kiganja, kidonge, kidole. Bwana Nehemia akapandwa na ghadhabu, akasema watu hawa wanadhani tunawalisha sumu. Nikaandika tena.

Leo asubuhi alifanya vilevile tena, nikaandika, na Bwana Msimamizi akaja mwenyewe.

"Karani, huyu mara ngapi?"

"Mara tatu, Bwana."

Akalichukua daftari, akalisogeza kwenye mwanga. "Mwandiko safi sana," akaniambia. Kisha akaamuru mgonjwa atolewe. Wanaume wawili walimbeba kwa shuka lake. Mama mkwe wake, bibi kizee asiyezidi kimo cha meza yangu, alifuata nyuma ameshika viatu vya mkazamwana.

Nami nilisema nini? Nilisema, "Ahsante, Bwana."

Adhuhuri nilikwenda Chaani kula. Bi Zuhura, mwenye nyumba wangu, aliniona nachezea wali.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba, mwanangu. Chakula changu leo kina mchanga?"

Nikamweleza. Aliacha kupepea moto.

"Mkimpa asubuhi?"

"Saa mbili."

"Na maziwa?"

"Na maziwa."

"Subhanallah! Na wewe ndiwe msomi wetu! Huyo hakatai, huyo afunga. Shangazi yangu alimpangisha Mhabeshi, mpishi wa meli. Akifunga kutushinda sisi, siku hamsini na zaidi, na maziwa hayagusi hata jioni. Maji yenyewe hanywi mpaka alasiri."

"Lakini ni mgonjwa, Bi Zuhura. Kwenu mgonjwa si huruhusiwa kula?"

"Huruhusiwa. Na marehemu mume wangu alifunga na homa yake vilevile, tukigombana kutwa. Huyo mama, nani wa kumwambia afungue? Padri wake yuko wapi? Au ni wewe, na kalamu yako sikioni?"

Sikuumaliza wali.

Nimekulia misheni, Rabai. Kwaresima kwetu ni nyimbo za huzuni, na chai ya asubuhi ni ileile. Nilimwona mama ana msalaba usoni, nikajiambia ni Mkristo kama mimi, nikaacha kufikiri. Angekuwa Mwislamu, katikati ya Ramadhani, hata Bwana Nehemia angeuliza kwanza. Nimeishi mwaka mzima na watu wanaofunga, na bado sikuitambua saumu nilipoiona.

Nimewakasirikia wote leo. Nimemkasirikia Bwana Nehemia na ufunguo wake, na aliyechora safu mbili kana kwamba binadamu ana majibu mawili tu. Nimewakasirikia waliowaleta watu hawa mbali hivi bila mtu hata mmoja wa kuwasemea. Lakini neno lile limeandikwa kwa mkono wangu mara tatu, na zote tatu ni safi.

Nilirudi zahanati. Hapakuwa na mtu. Nikasimama penye kitanda chake, ambacho tayari kina mgonjwa mwingine, nikanyoosha kidole kama alivyonyoosha yeye. Halafu nikangoja. Jua lilishuka polepole hadi likafika pale pale, juu ya bati la jiko. Saa ya ukutani ilikuwa saa tisa.

Alikuwa akituambia saa. Siku tatu alituambia saa.

Kabati lilikuwa limefungwa, ila bahasha iko kwenye mtoto wa meza yangu. Karani aliyenitangulia alifukuzwa kwa kuchukua chupa moja ya dawa ya kikohozi. Sasa yuko jeshini, na barua zake mama yake huniletea mimi nimsomee. Nilikumbuka barua zile. Nilifikiria hata kuchonga kipande cha chaki, nikitie kwenye kikaratasi mahali pa kidonge. Chaki nilikuwa nayo mkononi. Niliirudisha.

Nilichukua kidonge cha leo na kikombe cha maji, nikaenda banda kubwa. Mama Tsehai alikuwa amelala mkekani, pumzi fupi fupi. Mama mkwe aliponiona na kikombe alinyoosha mikono kunizuia. Nikakiinamisha aone ni maji matupu. Kisha nikanyoosha kidole juu, kwenye jua.

Bibi kizee aliangalia jua, akaniangalia mimi, akasema maneno marefu kwa lugha yao. Nadhani yalikuwa matusi. Nilistahili. Halafu akamwinua mkwewe shingo, na yule mama akafanya ishara ya msalaba, akameza.

Kidonge kimoja hakiponyi. Anahitaji kitanda chake, na kidonge kila siku saa tisa, na mtu wa kubaki na ufunguo. Hayo siwezi kuyaiba.

Kwa hiyo nililifungua daftari. Sikufuta kitu. Chini ya Amekataa ya tatu, nje ya safu zote mbili, niliandika: Hakukataa. Amefunga. Amemeza saa tisa alasiri, bila maziwa, kidonge kilichotoka katika bahasha. Nikaweka jina langu kamili. Mwandiko ni mbaya, wino umechuruzika.

Kesho ni Jumamosi. Bwana Msimamizi ataimwaga bahasha juu ya meza na kutakuwa na kikaratasi kimoja kitupu. Ninaogopa. Sijui kama nitaweza kusema neno lolote zaidi ya "Naam, Bwana." Lakini atalazimika kusoma mstari ule ili ajue kidonge kimekwenda wapi, na akiusoma, atakuwa ameambiwa saa.