Neno Ninalomnong'oneza Dada

Bergen, 21 Februari 1954

Kwako Kaka Eilert,

Shikamoo kaka. Natumaini karatasi hii itakukuta mzima huko Duluth, wewe na Shemeji Lorraine na mabinti, na kwamba mgongo wako sasa unakuacha upate usingizi. Sisi huku miili yetu haijambo. Mvua haijakatika tangu Krismasi, viazi bado tunaletewa na binamu kutoka Voss, na paka wa dada amezeeka mpaka panya wamemzoea. Jibini ya kahawia niliyokutumia, kama imefika na ukungu, ikwangue tu. Ndani ni nzima.

Barua yako ya Januari nimeisoma mara nne. Unasema binamu alikutumia gazeti, ukakata picha ya dada ukaibandika ukutani pale kazini bandarini, na kila anayepita unamwambia kwamba huyo ni Ragnfrid Tveitane, mdogo wako uliyekamua naye ng'ombe, aliyesimama kimya jukwaani siku ya yubile yake mpaka ukumbi mzima ukalia. Unataka nikusimulie ilivyokuwa, kwa kuwa hakuna aliyekuwa karibu naye kuliko mimi. Ni kweli nilikuwa karibu, kaka. Ndiyo maana nimechelewa kukujibu.

Wewe ulipanda meli mwaka mmoja kabla hajaanza. Ulimwacha mtumishi wa ndani kwa yule mchungaji, akiosha vyombo huku akimwigiza mke wa askofu mpaka mpishi anajishika mbavu. Mgeni mmoja wa mezani, mtu wa tamthilia, alimsikia kupitia mlango wa jikoni, na mambo yote yakaanzia hapo. Filamu zake ulizionea hukohuko: zile za binti wa milimani, zile mbili za Stockholm alikokatwa nywele, na ile ya mke wa nahodha ambayo mpaka leo ikionyeshwa Jumapili watu wanapanga foleni mvuani. Lakini sinema hakuipenda. Alikuwa akisema kamera ni mtu asiyecheka wala asiyekohoa, utajuaje kama umempata? Kila mara alirudi jukwaani, na mimi nilikuwa pale chini nikimsubiri.

Kazi yangu unaijua kwa jina tu, basi nikueleze. Ukingoni mwa jukwaa kuna kibanda kidogo kimezibwa upande wa watazamaji. Ninakaa humo, kichwa tu ndicho kimechomoza juu ya sakafu, kitabu mbele yangu na taa ndogo chini ya kidevu. Mwigizaji akisahau, ninamnong'oneza neno linalofuata. Miaka thelathini na mitano nimetazama viatu vya watu. Baridi inapita chini ya mbao kama mtoni, kwa hiyo huwa ninajifunga kichwani ile shali ya kijivu ya mama.

Sasa shida ya dada ni kwamba sifa yake ilikuwa kunyamaza. Wengine walisifiwa kwa sauti, yeye alisifiwa kwa kuikata katikati. Hata wauza samaki sokoni walimtania: "Bi Ragnfrid, hebu tunyamazie kidogo tulie, nikupe kichwa cha chewa bure!" Naye ananyamaza palepale kati ya ndoo, wanapangusa macho kwa aproni huku wanacheka, na kichwa cha samaki anaondoka nacho. Mwaka 1931 nilidhani amesahau, nikamnong'oneza katikati ya kimya chake, na safu tatu za mbele zikanisikia. Hakusema nami majira yote ya baridi. Tulikula meza moja, akiniomba chumvi kupitia kwa paka. Tulipopatana aliniwekea sharti: asipogusa hereni yake ya kushoto, nisifungue mdomo hata ukumbi ukiwaka moto. Nililishika sharti hilo miaka ishirini na miwili.

Mwaka jana majira ya kuchipua nikaanza kuona mambo. Birika la kahawa kabatini kati ya nguo. Anatoka kwenda kanisani siku ya Jumatano. Hereni anaigusa mara sita katika onyesho moja, kisha kumi na nne. Nilimpeleka kwa Daktari Wiese, nikamdanganya kwamba mgonjwa ni mimi, na alikuja kunisindikiza. Daktari aliongea naye kidogo, akamwuliza mfalme ni nani, akamwuliza mwezi. Kisha akaniita pembeni akasema ugonjwa huu haurudi nyuma, nimtoe jukwaani akiwa bado na heshima yake. Nilimjibu ndiyo, daktari. Lakini yubile ya miaka arobaini ilikuwa imeshatangazwa, mashada yameshaagizwa, na Bwana Falsen, mkurugenzi wetu, alikuwa ameshabandika uso wa dada kwenye kila kibao cha mji. Nikajiambia mara hii moja tu, baadaye nitamwambia.

Mchezo aliouchagua ni wa mama mzee wa shambani. Mwanawe ameoa, na kama ilivyo desturi yetu, mama anafungua mkanda wa funguo kiunoni ampe mkamwana, ahamie kwenye kijumba cha wazee. Anapomkabidhi anatakiwa kusema: "Chukua, mwanangu. Mlango wa stoo ya jibini unagoma, usukume kwa goti." Ni maneno ya kawaida kabisa, lakini akiyasema yeye, kila mwenye mama alikuwa akitafuta leso.

Siku ya yubile alifungua mkanda, akaushika mkononi, akanyamaza. Nikangoja. Hereni hakuigusa. Nikahesabu mpaka thelathini, ukumbi wote umeshika pumzi. Kisha akageuza macho akanitazama mle kibandani, na kaka, nilielewa. Hakuwa amesahau maneno tu. Alikuwa amesahau na hereni, na kwamba kuna mtu wa kuombwa. Nikavunja sharti, nikamnong'oneza sentensi yote, mara mbili, mara tatu. Hakuisikia. Alikuwa anatazama shali. Akasema kwa sauti ndogo, ile ya zamani ya kule nyumbani tulipoogopa radi: "Mama?"

Basi, watu walilia mpaka wanaume wakalia. Binti anayeigiza mkamwana alizichukua funguo mwenyewe, pazia likashuka. Magazeti yakaandika kwamba mzee anayekabidhi funguo anarudi kuwa mtoto, na kwamba ni Ragnfrid pekee ambaye angethubutu. Bwana Falsen alikuja na maua, akasema, "Bibi wewe! Mazoezini ulituficha, eh? Sasa hilo neno libaki, ulitamke kila onyesho." Dada alitabasamu akauliza neno gani. Bwana Falsen akacheka sana, akasema ndiyo maana anampenda, hajivuni.

Tangu siku hiyo, neno hilo ninamnong'oneza mimi. Shali nimeiacha nyumbani, kwa hiyo haniiti tena mwenyewe. Kila onyesho, wakati wa funguo ukifika, mimi mdogo wake ninainua uso na kumwambia "Mama?", naye analirudia, na watu wanalia. Nimefanya hivyo mara ishirini na saba. Nilimwendea Bwana Falsen nikamweleza yote, alichosema daktari na mambo ya birika. Alinipa kiti, akanisikiliza vizuri, kisha akanishika bega: "Alvhild, dada yako mkubwa amekuwa mkubwa zaidi, nawe umechoka. Wivu kidogo si dhambi." Nilitoka nikalia chooni.

Sasa nikuambie lile ambalo sijamwambia mtu. Jumapili iliyopita, onyesho la mchana, nilifunga kitabu. Wakati wa funguo ulipofika nilimtazama, na sikusema neno. Maneno yote nilikuwa nayo kichwani, na yale ya mlango wa stoo pia. Nilitaka akwame. Nilitaka aaibike mbele ya watu wote, wamzomee, Falsen aone, wamtoe, nikampumzishe nyumbani. Dada yangu mwenyewe, kaka, nilimtakia zomeo.

Alisimama. Akazunguka na funguo mkononi kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Akaja mpaka ukingoni, akapiga magoti, jambo ambalo magoti yake hayamruhusu tena, akaninyooshea mkono. Akaniwekea funguo juu ya kitabu. "Zishike wewe," akasema. "Mimi sijui tena ni za wapi."

Ukumbi mzima ulisimama. Walipiga makofi mpaka vumbi likaniangukia. Bwana Falsen ameagiza funguo ziletwe kibandani kila onyesho, na tiketi zimekwisha mpaka Pasaka. Nikisema, wananiita mwenye wivu. Nikinyamaza, wanapiga makofi. Sijui nifanye nini, kaka, na nimechoka kujifanya ninajua. Wewe tu ndiye dada aliyekuwa akimsikiliza tukiwa wadogo. Njoo umchukue mkono, umtoe mle.

Jana aliniona ninaandika, akauliza ni kwa nani. Nikamwambia kwa Eilert. Akasema jina zuri, akatoa picha yake moja mkobani akaiandika haraka, kwa mkono uleule wa siku zote, maana mkono haujasahau. Nimeiweka humu kwa kuwa ni yako. Imeandikwa: "Kwa Bwana Eilert, pamoja na shukrani kwa kupenda maigizo yetu. R. Tveitane." Usiibandike kazini.

Msalimie sana Shemeji Lorraine, wabusu mabinti, na mgongo uukande kwa kitu cha moto. Paka naye anakusalimu.

Ni mimi mdogo wako,
Alvhild