Lugha Iliyombakia Baba Mutheu

Jumatatu, 5 Mei

Nimetoka darasani. Baba Mutheu ameshakula. Mama Achieng, jirani yetu, alimlisha uji na akamfuta mdomo vizuri. Mungu ambariki mama huyo.

Leo tulikuwa kwenye "he" na "she". Shida tupu. Kwetu mtu ni yeye, awe mume awe mke, basi. Nilisimama kueleza habari za mume wangu, nikamwita "she" tangu mwanzo hadi mwisho. Darasa zima likacheka. Mimi pia. Mwalimu wetu, Madam Auma, ni wa rika la binti yangu Mutheu. Hakucheka. Alisema, "Rudia, Mama. Uko karibu."

Sikuwa karibu. Lakini nilipenda alivyosema.

Jumatano, 7 Mei

Mzee mmoja darasani, mlinzi wa kiwanda kule mtaa wa Baba Dogo, aliniuliza kwa nini najisumbua na Kiingereza na umri huu. Nikamwambia nataka kuongea na mume wangu. Akauliza kama nimeolewa na mzungu.

Nimeolewa na Mkamba wa Kangundo. Alikuwa karani wa reli mpaka alipostaafu. Kazini Kiingereza, nyumbani Kikamba, nje Kiswahili. Mwaka jana kiharusi kilimwangusha akinyoa ndevu. Mkono wa kulia ukalala. Ulimi ulipoamka ukatoa Kiingereza peke yake. Daktari alisema hutokea. Hizo lugha nyingine huenda zikarudi, huenda zisirudi. Tukimsemesha Kikamba anaelewa, polepole. Kujibu ndiko hawezi. Akijaribu, anashika kichwa na kulia.

Mimi niliishia darasa la nne. Nafuma sweta za shule kwa mashine, hapa barazani. Kiingereza changu kilikuwa salamu tu.

Nina wivu. Si wa mwanamke. Wa lugha. Imebaki naye, mimi nimeachwa nje.

Jumapili, 11 Mei

Mutheu amepata kazi Eldoret. Ataondoka Jumamosi. Nilimkumbatia, nikampongeza, kisha nikaenda jikoni nikalia kidogo.

Yeye ndiye mkalimani wetu. Baba yake akisema, ananigeuzia. Lakini kuna mambo ambayo mtu na mkewe hawawezi kuambiana kupitia kwa binti yao. Juzi Baba Mutheu alisema kitu akiniangalia. Mutheu akaziba uso kwa leso. "Zii, Mathe, hiyo siwezi sema," akanikatalia. Akatoka nje. Sisi wawili tukabaki tunatazamana. Yeye alikuwa anatabasamu kwa ule upande mzima wa mdomo.

Mpaka leo sijui alisema nini. Nataka kujua. Na nataka nisikie mwenyewe.

Jumamosi, 17 Mei

Mutheu ameondoka alfajiri. Nyumba imekuwa kubwa.

Asubuhi Baba Mutheu alianza kurudia neno moja. Sikulijua. Nikaleta maji. Nikaleta chai. Blanketi. Mto. Redio. Kila nilicholeta alikisukuma. Akapandisha sauti. Nami nikapandisha yangu, kwa Kikamba. Mwishowe nikampigia Mutheu, bado yuko njiani, mtandao unakatika. Nikaweka simu mdomoni mwa baba yake.

"Kioo, Mum. Anataka kioo."

Kioo. Tangu hospitali hakuna aliyempa. Nilikitoa kabatini, nikamshikia. Alijitazama muda mrefu sana. Ule mdomo ulioenda upande. Lile jicho. Kisha akageuza uso akaangalia ukuta.

Hajasema neno tena.

Jumatatu, 19 Mei

Sikwenda darasani. Bado kimya. Uji ameacha. Chai ameacha. Nimekaa kwenye mashine mchana kutwa, mkono mmoja wa sweta nimeufuma mrefu kuliko mwenzake. Nikafumua.

Jumanne, 20 Mei

Kimya.

Naogopa.

Jumatano, 21 Mei

Mama Achieng alinisukuma mlangoni. "Nenda shule, dada. Mimi niko. Ukibaki hapa mtanyamaza wote wawili."

Nikaenda. Madam Auma aliniona uso, akaniita kando. Nilimweleza. Akawapa wengine zoezi, akakaa nami kwenye benchi la nyuma. Hakunifundisha sarufi. Alinifundisha maswali ya nyumbani. Unaumwa wapi. Una njaa. Una huzuni. Tulirudia mpaka ulimi ukazoea. Niliyaandika kiganjani kwa kalamu, kama mtoto anayeibia mtihani.

Nilipofika nyumbani nilikaa kitandani upande wake. Nikamuuliza kwa Kiingereza kama ana huzuni. Niliona haya kama msichana anayechumbiwa.

Aligeuka. Alinitazama kana kwamba ndiyo kwanza naingia mlangoni.

Akasema ndiyo.

Kisha akaniuliza, na wewe?

Hilo sikuwa nimefundishwa. Lakini nilielewa. Nikasema ndiyo, na mimi.

Amekula nusu bakuli la uji. Amelala ameshika mkono wangu, ndiyo maana naandika vibaya.

Ijumaa, 23 Mei

Shemeji Nzioka amepiga simu kutoka Kangundo. Anakuja kesho na gari. Anasema mgonjwa hawezi kukaa mjini, Mutheu ameshaenda, mimi peke yangu sitaweza. Huko kuna hewa, kuna watu, kuna chumba. Ukoo umezungumza.

Umezungumza bila mimi. Nimekasirika mpaka sindano imevunjika kwenye mashine.

Kazi yangu iko hapa. Mazoezi ya mkono wake yako hapa. Nikiacha hizi sweta tutakula nini? Akienda, atakwenda peke yake. Nani kule atamjibu?

Lakini hata mimi sijamuuliza yeye anataka nini. Naogopa atasema anataka kwenda. Kwao ni kwao.

Jumamosi, 24 Mei

Nataka kuandika yote kabla sijasahau.

Nzioka alifika kabla ya chai ya saa nne. Si mtu mbaya. Alivua kofia, akamshika kaka yake mkono, hakuuachilia haraka. Machozi yalimlengalenga. Akasema chumba kimepakwa rangi, kitanda kiko karibu na dirisha. Nikamwambia, "Muulize mwenyewe, shemeji." Akamuuliza, kwa Kikamba, polepole kabisa.

Baba Mutheu alifikiri. Halafu akajibu kwa Kiingereza. Nzioka hakukisoma. Akanigeukia.

"Anasemaje?"

Nilikuwa nimeelewa. Yote, kwa mara ya kwanza, bila mtu kunigeuzia. Alisema hivi: "Nitakwenda. Mke wangu amechoka. Mwacheni apumzike."

Ningeweza kudanganya. Niliwaza hilo, sifichi. Ningesema amekataa, na gari lingerudi tupu, na hakuna ambaye angejua.

Sikumjibu Nzioka. Nilimgeukia mume wangu nikamjibu kwa Kiingereza. Kibovu. Vitenzi vya jana na vya kesho vyote vilichanganyika. Nilisema mimi sijachoka. Akanitazama tu. Basi nikasema kweli: nimechoka. Nimechoka, lakini nakutaka hapa. Usinipumzishe kwa kuondoka.

Akasema nina kichwa kigumu. Lile neno lenyewe sikulijua, ila alininyooshea kidole kisha akagonga meza kwa ngumi, nikaelewa. Nikamwambia na wewe pia. Akasema mimi zaidi. Nikasema wewe zaidi. Nilikuwa napiga kelele. Na yeye alikuwa anapiga kelele, na uso wake ulikuwa umerudiwa na rangi, na ghafla akaanza kucheka, kicheko kile cha zamani, cha kutikisa mabega.

Nzioka alikuwa anatazama huku na huku. "Jamani, mnasema nini?"

"Tunagombana, shemeji. Ngoja tumalize."

Tukamaliza. Nilimuuliza tena, wazi: unataka nini wewe? Si mimi. Wewe. Akagusa kiti alichokalia, akasema atabaki.

Ndipo nikamwambia Nzioka yote mawili, alichosema kwanza na alichosema mwisho. Hakupendezwa. Alikunywa chai yake, akaomba kikombe cha pili. Alipokuwa anaondoka alishusha gunia la maharagwe na maparachichi kutoka kwenye gari. Alisema, "Krismasi mje wote wawili. Na mkigombana huko mgombane Kikamba, tusikie."

Nimelia sana leo, ila si kwa ubaya.

Alhamisi, 5 Juni

Baridi imeanza. Mchana jua lilichungulia kidogo, nikamtoa Baba Mutheu barazani, nikamfunika shuka miguuni.

Jana darasani tulijifunza kumtambulisha mtu kwa mwenzake. Madam Auma alisema tukafanye mazoezi nyumbani. Mama Achieng alikuwa anapita na ndoo yake. Nikamwomba asimame, nina kazi ya shule. Akasimama, mkono kiunoni.

Nikaanza. Huyu ni mume wangu. Nikakwama. Kiingereza kilitaka jina, na Baba Mutheu si jina. Tangu tuoane sijawahi kulitamka la kwake. Kwetu mke hataji jina la mume. Kabla ya mtoto nilikuwa nasema "wewe" tu, na yeye anajua ni yeye.

Nikalisema. Joseph. Sauti ilitoka ndogo.

Mama Achieng akacheka, akamsalimia, akaenda zake. Nikaketi karibu na mume wangu na sweta yangu. Watoto walikuwa wanatoka shule.

Baadaye nikamwita tena kwa jina lake, polepole, bila shida yoyote.

Akaitika.