Udhu Mmoja Unatosha

Mtaa wa Jules, Malvern,
Johannesburg.
30 Septemba 2004

Mpendwa mdogo wangu Duni,

Asalaam aleikum. Goti lako linaendeleaje? Na mumeo Khatibu na kifua chake, na karafuu za mwaka huu? Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Baridi imeondoka na duka linakwenda.

Najua umeninunia. Miaka mitatu hukupata barua yangu, na simu huitaki, ati haiwekeki sandukuni. Ukadhani nimekuwa tajiri, nimesahau kwetu. Sikukusahau, Duni. Kila barua niliyoandika niliisoma mara ishirini kutafuta kosa, nikaichana, nikaanza nyingine. Niliona kosa dogo tu litakuletea msiba. Leo nakwambia yote, maana mficha maradhi kilio humuumbua.

Yalianzia kwenye udhu. Nikimaliza, moyo unaniambia maji hayakufika kisiginoni, rudia. Narudia mpaka wenzangu msikitini wanamaliza kusali, mimi bado niko bombani, mikono imechanika. Ajabu, Watanzania wenzangu wa hapa Malvern wakanisifu kwa ucha Mungu! Wakaniita Shehe, wakataka hata niwasalishe. Ningewasalisha lini, na udhu wenyewe hauishi?

Aliyeona ni mwanao Vuai. Alisimama nyuma yangu pale bombani, akasema, "Eish, Mjomba, huu si ucha Mungu. Haya ni maradhi, na yanatibika." Nilimfokea. Si tulimcheka wote wawili, mimi na wewe, kwamba kavuka bahari kusomea kutibu watu kwa soga badala ya sindano? Hakunijibu vibaya. Alisema tu kuwa yeye hatibu damu yake, akanipeleka kwa Nomsa, mwenzake wa kazi.

Dawa yenyewe ni hii: natawadha mara moja, nafunga bomba, naondoka na hofu yangu hivyo hivyo. Siku ya kwanza nililia, mtu mzima wa miaka hamsini na sita. Hofu ikapanda, ikakaa, kisha ikashuka yenyewe. Imamu wetu naye akaniambia dini haitaki zaidi ya hapo.

Siku moja nangoja zamu yangu huko kliniki kwao, nikamwona mama mmoja kamshika Vuai mikono yote miwili. "Ngiyabonga, dokotela," anamshukuru huku machozi yanamtoka. Bintiye, aliyekuwa hathubutu kugusa kitasa, amefungua mlango mwenyewe. Nikatamani kusimama niwaambie watu wote kwamba huyo ni mpwa wangu. Nikasimama, nikawaambia.

Umezaa, Duni! Ijumaa iliyopita nilisali safu ya kwanza. Mwandikie mwanao, umwambie unajivunia. Hilo hatakuomba, lakini analingoja.

Nisalimie Khatibu, mdogo wetu Bakiri na wanawe, Mama Mkubwa, na Khatibu. Huyo nimeshamtaja, potelea mbali. Mola akufikishe Ramadhani na goti lisilouma.

Nomsa amenipa kazi wiki hii: niandike barua moja, niifunge bila kuirudia. Ndiyo hii. Makosa yake yaweke sandukuni pamoja nayo.

Wako akupendaye, kaka yako,
Hashim