Nimeyasingizia Matangi Mapya, Mke Wangu Hapandi Tena Boti Yangu

Mpendwa mshauri,

Hii ni barua ya tatu kuandika, mbili za kwanza nimezichana kwa aibu, ila leo nimepiga moyo konde naomba unisaidie, maana mke wangu hapandi tena boti yangu na kosa ni langu na yeye hajui.

Mimi ni nahodha wa boti ndogo ya mashine, navusha abiria, mwaka wa ishirini na mbili sasa, na pale gatini wananiita Profesa kwa sababu mashine ya mtu ikigoma mimi ndiye naitwa, naisikiliza tu nataja ugonjwa. Mke wangu ni fundi cherehani, chumba chake cha kushonea kiko ng'ambo ya pili na dirisha lake linatazama maji, na miaka yote hiyo kila asubuhi namvusha mimi, anakaa ubao wa nyuma karibu yangu, ananimiminia chai kwenye kifuniko cha chupa huku mkono wangu mmoja uko kwenye mashine, na kusema kweli mshauri ile robo saa ndiyo ndoa yetu, mengine yote ni kuendesha nyumba.

Sasa matangi yangu mawili ya petroli, haya ya kubeba kwa mkono unayoyaweka miguuni na kuunganisha mpira uende kwenye mashine, yalikuwa yamechoka, moja linavuja kwenye mshono nikaliziba kwa sabuni ya kufulia, vifuniko vyote viwili vimepasuka siku nyingi nikavifunga vitambaa. Mke wangu akilalamika kwamba nguo za wateja wake zinanuka petroli, mimi najibu, "Mama, hayo ndiyo manukato ya kazi." Akachoka na manukato. Akajinyima, akaenda kwa mdogo wake, yaani shemeji yangu, mwenye duka la vifaa vya boti, akaninunulia matangi mawili mapya mekundu pamoja na mikanda ya kuyafungia yasitembee. Alinikabidhi mbele ya watu, nikafurahi kama mtoto.

Siku ya kwanza nayo boti imejaa, mke wangu yumo, shemeji yumo, tumefika katikati mashine ikakohoa ikazima. Nikahamishia mpira tangi la pili, ikawaka, dakika chache ikazima tena. Tukapiga kasia hadi ng'ambo huku abiria wanasema, "Profesa leo kafeli!" na mimi badala ya kunyamaza mdomo ukaniponza, nikatangaza kwamba matangi ni feki, shemeji katuuzia takataka. Shemeji akalia. Na mke wangu akanitetea mimi, mshauri, akanitetea mimi! Alimwambia mdogo wake, "Umemuuzia mume wangu kifo," na hii ni wiki ya sita ndugu hao wa tumbo moja hawasalimiani. Mimi nikarudisha matangi ya zamani, mke wangu akasema kwa harufu ile yeye basi, sasa anavuka na boti ya njano ya mwenzangu mmoja anayeimba vibaya, na tukipishana ananipungia mkono kama anavyompungia nahodha yeyote.

Kumbe! Juzi nayafuta vumbi yale mapya nikaona moja mashavu yameingia ndani kama mtu anayenyonya ndimu, nikashika kifuniko, juu yake kuna kiskrubu ambacho sikuwahi kukitazama, nikakizungusha, hewa ikaingia fyuuu, tangi likajinyoosha. Tangi lisipopata hewa mafuta hayatoki, na yale ya zamani yalikuwa yanapumua kwenye nyufa za vifuniko, ndiyo maana miaka yote sikuwahi kufungua kitu. Jana mchana nikayafunga mapya, nikaenda peke yangu, nikavuka na kurudi mara tatu, mashine haikukohoa hata mara moja. Nikarudi nikayaficha, nikaweka tena ya zamani.

Nikisema ukweli gati zima litanicheka mpaka nizeeke, kwa hiyo nimefikiria niseme tu kwamba nimeyatengeneza. Lakini ubao ule wa nyuma uko mtupu, mshauri, na chai sasa nakunywa baridi. Nifanyeje?

Profesa, kwa sasa

*

Ndugu Profesa,

Nilicheka kwa kiskrubu, nikacheka kwa manukato, nikafika pale shemeji alipolia nikaacha kucheka. Unampenda mkeo, hilo linaonekana kila mstari, na mwanamume anayeijua ndoa yake iko kwenye robo saa gani hajapotea. Lakini una kichwa kigumu, na leo utanisikiliza.

Kabla hujamaliza kusoma gazeti hili, nenda katoe matangi ya zamani kwenye boti. Nimemuuliza fundi wa mashine za boti, nilipomtajia sabuni akashika kichwa. Abiria mmoja akiwasha sigara hapo, hutabaki na mtu wa kumwomba msamaha. Usimpe mtu hata kwa kuchotea maji, na usiyauze. Yamalizike kabisa. Na huo mpira kama ni rika la matangi yale, nao uende.

Pili, hilo wazo la kusema umeyatengeneza lifute. Ukisema umeyatengeneza, maana yake yalikuwa mabovu kweli, na shemeji yako anabaki mwizi ili wewe ubaki fundi. Hebu jione! Unataka kupanda juu kwa kukanyaga mgongo wa mdogo wa mkeo?

Halafu nikuulize. Dirisha la mkeo linatazama maji, nawe umevuka mara tatu mchana kweupe, boti tupu, matangi mekundu miguuni. Unadhani alikuwa ameinamia sindano muda wote? Sisemi anajua. Nasema kama anajua, anakusubiri useme wewe, na kila siku unayokaa kimya anaihesabu.

Kwa hiyo nenda chumbani kwake kwa miguu yako. Usimwambie ndani ya boti, huko hana pa kushukia. Sema hivi: "Mke wangu, matangi yako ni mazima, mjinga nilikuwa mimi." Kisha nyamaza. Atakasirika, na hatakasirikia skrubu, atakasirikia wiki sita ulizomwacha agombane na ndugu yake kwa ajili ya kukutetea. Yapokee yote. Neno "lakini" lisitoke mdomoni mwako.

Kutoka hapo nendeni wote wawili dukani kwa shemeji. Mpira mpya utaununua kwake, na msamaha utaomba kwa sauti ileile uliyoitia matangi yake takataka, wateja wakiwepo ni vizuri zaidi. Wao wawili wakianza kulia, toka nje ukasubiri.

Gatini nako ukawaambie. Watakucheka wiki moja, labda mbili. Ila kesho mwenzako mwingine atanunua tangi jipya naye azimikiwe katikati ya maji ana watoto wa watu, na wewe Profesa mzima ulikuwa unajua. Waonyeshe: skrubu ifunguliwe kabla ya kuwasha, ifungwe wakati wa kubeba. Mafuta yajazwe tangi likiwa chini nchi kavu, si ndani ya boti, na lisijazwe mpaka mdomoni. Hapo ndipo hilo jina utakuwa umelifanyia kazi.

Na asubuhi atakayokaa tena kwenye ubao wake, usikiguse hicho kiskrubu. Hiyo kazi mpe yeye kuanzia siku hiyo. Mwambie, "Mama, fungua twende," na usivute kamba ya kuwashia mashine mpaka afungue. Akikawia makusudi, watu wote wakikutazama, tulia, usiseme kitu. Mwache akumiminie chai kwanza.